Mwandishi Afike na kwa Wadogo Zetu

Nilipokuwa darasa la tatu, insha zetu zote zilikuwa na watu wawili tu: sungura mjanja na fisi mlafi. Hatukujua kwamba nasi twaweza kubuni mtu wetu. Tulidhani vitabu hutoka mbali, na waandishi wote wamekwisha kufa.

Kumbe sivyo. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapeleka kilio chao Umoja wa Mataifa. Kutokana na kisa hicho Ismael Mbise aliandika riwaya ya Kiingereza, Blood on Our Land, iliyotoka mwaka 1974. Mlima wetu huu umezaa kitabu.

Basi naona yafaa kila mwandishi tunayemwalika hapa apelekwe pia shule ya msingi. Mtoto amwulize, "Mtu huyu ulimtoa wapi?" Hapo atajifunza kuwa mhusika huanza kwa maswali: Anataka nini? Anaogopa nini? Anaficha nini? Hata mama auzaye ndizi sokoni Tengeru ana majibu yake.

Wengine watasema watoto wana mtihani. Ni kweli, lakini aliyezoea kukariri tu, swali likigeuzwa kidogo, hukwama.

Sisi wa sekondari tuandike barua ya mwaliko, kisha tuwasaidie wadogo zetu kuandika, kikundi kwa kikundi. Mwandishi ataondoka jioni. Kazi itabaki kwetu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu