Duka la saa 14 na mfanyakazi wa saa 48: hesabu ya zamu Jinja na Mbale

Mfanyabiashara anayepitisha mzigo Malaba au Busia huhesabu saa zake zote: foleni ya malori, forodha, muda wa kufika sokoni kabla bei haijashuka. Saa anazosahau kuhesabu ni za watu aliowaachia duka upande wa pili.

Chukua duka la rejareja la Jinja au Mbale linalofunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tatu usiku. Ni saa 14 kwa siku, saa 98 kwa wiki. Lina wafanyakazi wawili wa kudumu, na kila mmoja hupumzika siku moja. Mtu anayefungua ndiye anayefunga, kwa hiyo kila mmoja yuko kazini saa 84 kwa wiki.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki. Pande mbili zinaweza kukubaliana kuongeza, lakini si zaidi ya saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki. Wanaofanya kazi kwa zamu wanaweza kupita hapo wiki moja, mradi wastani wa wiki tatu usizidi viwango hivyo. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na siku ya sikukuu ya taifa mara mbili. Baada ya siku 6 za kazi, mapumziko ni saa 24 mfululizo.

Sasa tuweke shilingi. Tuseme mshahara ni Sh240,000 za Uganda kwa mwezi. Kwa saa 48 za wiki, saa moja ni kama Sh1,154, na ya ziada ni Sh1,731. Mtu wa saa 84 ana saa 36 za ziada kila wiki. Kwa mwezi, malimbikizo yake ni Sh270,000, yaani zaidi ya mshahara wenyewe. Wawili wanafikisha Sh540,000. Hata ukitoa nusu saa ya chakula kila siku, deni linabaki kubwa kuliko mshahara wa mfanyakazi wa tatu. Tena kulipa deni hilo hakuhalalishi saa 84, kwa sababu kikomo cha 56 kimeshavukwa.

Kwa nini basi mfanyakazi huyo wa tatu haajiriwi? Wenye maduka husema biashara ni ngumu, na ni kweli. Lakini nionavyo, sababu kubwa ni droo ya pesa. Mwenye mali yuko Eldoret au njiani kutoka mpakani. Hataki fedha zipite mikono miwili kwa siku moja. Anamwamini mtu mmoja, anamfunga dukani kutwa nzima, na uaminifu wa mtu huyo unageuka kuwa adhabu yake.

Dawa ya hofu hiyo iko ndani ya ratiba yenyewe. Zamu ya kwanza ianze saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ya pili ianze saa saba mchana hadi saa tatu usiku. Kati ya saa saba na saa tisa wote wawili wapo: wanahesabu droo na salio la pesa za simu, wanakagua rafu, kila mmoja anasaini daftari, na kila mmoja anapata nafasi ya kula. Duka linahitaji zamu 14 kwa wiki. Watu watatu wanaofanya kazi siku 6 wanatoa zamu 18. Zile nne zinazobaki ni za siku ya kupokea mzigo na siku za wateja wengi. Hakuna anayevuka saa 48.

Ila hesabu ikitimia, haki inaweza kuwa bado haijatimia. Nani anafunga usiku? Asiye na mtoto, au mgeni kazini, ndiye hubebeshwa zamu hiyo mwezi baada ya mwezi. Kutoka katikati ya Jinja hadi Bugembe, au mjini Mbale hadi Namatala, saa tatu usiku ni nauli ya boda boda na ni hatari, hasa kwa mwanamke. Zamu ya kufunga izunguke kwa wote, na nauli ya usiku iwe gharama ya duka.

Siku ya mapumziko nayo haifanani kwa kila mtu. Mbale kuna Waislamu wa swala ya Ijumaa, Wasabato, Wayahudi wa Abayudaya walio Nabugoye wanaoshika Jumamosi, na wengi wa Jumapili. Kwa mwenye ratiba huo ni unafuu, maana si wote wanaotaka siku ile ile. Ugumu ni Agosti ya mwaka wa namba shufwa, msimu wa tohara ya imbalu, ambapo nusu ya wafanyakazi wana mtoto wa ndugu anayetahiriwa. Kila mtu anajua imbalu inakuja. Anayeshtuka Julai amejitakia.

Lori likichelewa mpakani? Lichelewe. Awepo mtu wa akiba, kwa zamu, anayejua mapema kwamba wiki hii anaweza kuitwa, na akiitwa alipwe. Kinachochosha watu ni simu ya saa mbili usiku inayofuta mapumziko ya kesho. Ratiba ibandikwe wiki mbili mbele.

Wenye maduka katika nchi mbili wasihamishe ratiba moja kila mahali. Itifaki ya Soko la Pamoja imetumika tangu Julai 2010, lakini saa za kazi bado ni za kila nchi. Tanzania ni saa 45 za kawaida kwa wiki, na amri ya jumla ya mishahara ya Kenya inataja 52.

Wapo watakaosema hawana wafanyakazi wa kudumu, wana vibarua tu. Kanuni za Ajira za Uganda za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo si kibarua tena, na anastahili mkataba wa maandishi. Maelezo ya kazi, pamoja na saa zake, hutakiwa kutolewa kwa maandishi ndani ya wiki 12. Shauri la saa za ziada likifika kwa afisa wa kazi, daftari lile la saini za saa saba na saa tisa ndilo mwenye duka atakaloulizwa kwanza.