Maji ya kisima yanaziua injini zetu

USUKANI
Na Rehema Mwakalinga

Sikukuu za mwisho wa mwaka zinakaribia. Familia nyingi za Dar es Salaam zitapakia watoto na mizigo kwenye Harrier, RAV4 na X-Trail kuelekea nyumbani mikoani. Kabla ya safari, wengi watapitia gereji kumwaga oili na kukagua breki. Wachache watauliza kilichomo ndani ya rejeta, na huko ndiko uhai wa injini uliko.

Magari haya hutoka Japani yakiwa na kulanti, kimiminika cha kupozea injini, ndani ya rejeta. Siku moja mpira wa rejeta unavuja njiani, tunajaza maji ya bomba au ya kisima ili tufike, na kulanti hairudi tena. Ukihoji, unaambiwa kulanti ni ya nchi za barafu. Ni kweli kwamba huzuia maji yasigande. Lakini pia huyafanya yachelewe kuchemka, na dawa zilizomo huzuia kutu na kulinda pampu ya maji. Hayo tunayahitaji sisi wa nchi za joto pengine kuliko mtu yeyote.

Mazoea ya maji matupu tuliyarithi kwa Land Rover za zamani, zilizokuwa na injini ya chuma kizito na rejeta ya shaba. Zilivumilia mengi. SUV za leo zina silinda hedi ya alumini, na rejeta ni ya alumini na plastiki. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na chumvi huila alumini taratibu kutoka ndani. Chokaa iliyomo nayo huganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta kama ukoko kwenye sufuria, joto likakosa pa kutokea.

Mjini huenda usione tatizo. Utaliona kwenye mlima Kitonga, njia ya Iringa. Usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na kadiri unavyopanda kuelekea Iringa ndivyo yanavyochemka mapema zaidi. Mfuniko wa rejeta hushikilia shinikizo ili kuzuia hilo, lakini ukichoka mpira wake, kinga imekwisha. Gari limejaa watu, kiyoyozi kinafanya kazi, mbele lori linatambaa: geji ya joto inapanda. Hedi ikizidiwa na joto hupinda, gasketi huungua, maji na oili vinachanganyika. Hapo tena ni kufungua injini.

Gari likichemsha, baadhi ya mafundi hung'oa thamostati. Naomba tuache. Kifaa hicho, ambacho aghalabu hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, huifanya injini ipate joto lake la kazi. Bila kifaa hicho, kompyuta hudhani gari ndiyo kwanza limewashwa na kuendelea kumwaga petroli nyingi. Na zipo injini ambazo thamostati hufunga pia njia ya pembeni. Ukiing'oa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ugonjwa unabaki palepale, umeongezewa mwingine.

Wenye Harrier za lita 2.4, zenye injini ya 2AZ-FE, wawe macho zaidi. Injini hiyo inajulikana kwa nyuzi za boliti za hedi kung'oka kwenye bloku, na maji yakapotea. Ukiona unaongeza maji kila wiki na hakuna tone chini ya gari, usiridhike kuongeza tu. Peleka likapimwe.

Simlaumu fundi peke yake. Fundi hutumia kile mwenye gari anachokubali kulipia. Kwa hiyo mwenye gari ndiye aanze. Angalia rejeta asubuhi, injini ikiwa ya baridi; mfuniko wa moto usiuguse kamwe. Ukikuta maji yenye rangi ya kutu, agiza mfumo wote usafishwe, kisha ijazwe kulanti inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Kama si ile iliyochanganywa tayari, ichanganywe na maji yaliyotoneshwa. Kagua mipira, mfuniko na feni, na ondoa vumbi na wadudu mbele ya rejeta. Geji ikipanda njiani, au taa nyekundu ya joto ikiwaka, zima kiyoyozi, egesha mahali salama, zima injini na usubiri ipoe. Ukiimwagia maji baridi ikiwa bado ya moto, unaweza kuipasua.

Kulanti ya kutosha gari moja ni nafuu kuliko kujaza tanki la petroli. Hatuna sababu ya kubana hapo halafu tukakwama mlimani na watoto katikati ya malori. Wiki hii, kabla ya kuuliza bei ya oili, muulize fundi wako nini kimo kwenye rejeta. Akikujibu ni maji, mwambie ayamwage.