Kamera ya jirani isiangalie mpaka kwenye duchi

Siku hizi, huku Lubumbashi na Kolwezi, kamera haziko tena kwenye makampuni na mabanki tu. Zimeingia ndani ya malupango yetu. Mtu anapata makuta kidogo, ananunua kamera na pano ndogo ya jua, anaifunga juu ya mlango wake. Toka hapo anaangalia lupango yote ndani ya telefone, hata kama yeye mwenyewe yuko Kasumbalesa.

Kuogopa wezi si kosa. Batu ya Ruashi na Katuba banajua vile usiku iko. Wezi wanajua siku ya mishahara kuliko sisi wenyewe. Mwenye duka ao mwenye moto ana haki ya kulinda mali yake.

Lakini lupango si ya mtu mmoja. Mara nyingi jamaa nne ao tano wanatumia robine moja, choo moja na duchi moja isiyo na paa. Kamera ikifungwa juu, inaona mama anatoka kuoga na kitenge kifuani. Inaona binti anasimama na mchumba wake, na mwenye deni anakuja kudai.

Kwa nyumba ya mchimbaji, hatari ni kubwa zaidi. Kamera inajua saa gani bisi ya kampuni inakuja kuchukua baba kwa kazi ya usiku, na kwamba mama anabaki peke yake na watoto. Ile njo habari mwizi anatafuta! Hiyo telefone ikiibiwa, ao vijana wakijua namba yake ya siri, mlinzi amegeuka kuwa mpelelezi.

Kule kazini mchimbaji anapekuliwa kwenye mlango, na kamera zinamfuata. Anakubali, kwa sababu ni mahali pa kampuni. Lakini kwake, nani alimwajiri?

Wengine wanasema: « Kama hauna kintu ya kuficha, unaogopa nini? » Kuoga si wizi, lakini sisi wote tunafunga mlango.

Sheria pia iko. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 29, inasema makao ya mtu hayavunjwi. Kifungu cha 31 kinalinda maisha yake ya siri. Na tangu 2023 inchi yetu ina sheria ya mambo ya numeriki, inayolinda habari za kila mtu.

Lakini mbele ya kufika tribinali, tupatane. Kamera iangalie mlango wa mwenyewe na porte ya lupango, si duchi wala madirisha ya wengine. Mbele ya kuifunga, aulize majirani. Mwenye lupango aandike jambo hili kwenye kontra wakati anapokea garanti. Picha za mwizi ziende polisi. Picha za jirani zisitembee kwenye WhatsApp. Na kama jirani anakataa, usivunje kamera yake, kosa litakuwa lako. Chukua wazee wawili, mwende kwake. Akikataa tena, mwende kwa shefu wa kartie.

Kamera inaona mwizi, lakini haitoke inje kupiga sufuria na filimbi. Anayetoka usiku kupiga makelele ni jirani. Tukimfanya adui, siku wezi watakuja, nani atatoka?