Msimwite Hanithi

NENO LA JUMA
Na Mwalimu Bahati Kambale

Ashukaye kwa barabara ya Rutshuru kuja Goma, kabla hajauingia mji, hupita Kanyaruchinya, nchi ya mawe meusi chini ya mlima Nyiragongo, ambako mwaka 2012, kisha tena tangu mwishoni mwa 2022, watu elfu kwa elfu waliokimbia vita walisimamisha vijumba vya miti na shitingi, hata kambi za pembezoni mwa Goma zikavunjwa Februari 2025. Habari za njaa, za kipindupindu na za mizinga zilizowapata watu wale zimeandikwa sana. Walakini iko moja isiyoandikwa, kwa kuwa wenye nayo huona heri kuzikwa nayo kuliko kuitamka, nayo ni habari ya vijana wa miaka 20 na 30, wenye mabavu ya kulima na kusukuma chukudu, kigari cha mbao, tangu alfajiri hata magharibi, ambao usiku, wakiwa na wake zao, miili yao haiwaitikii.

Kiswahili cha kale kina neno kwa mtu wa namna hiyo, hanithi, na wanaolitamka aghalabu hulitamka kwa dharau, kana kwamba aliyepatwa amevuliwa uanaume wake mbele ya kadamnasi. Na wale wa pwani wapendao sitara husema kwamba jogoo hapandi mtungi. Lakini dharau haichunguzi sababu, wala sitara peke yake haiponyi maradhi. Tabibu huitazama kadhia hii kwa jicho jingine: shauku inapoanza, neva hupeleka habari, kemikali iitwayo naitriki oksaidi hulegeza kuta za mishipa, na damu huingia ikakaa. Kwa kueleza kazi ya kemikali hiyo katika mishipa, wataalamu watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Hofu, kwa upande wake, hutenda kinyume: huibana mishipa ile na kuipeleka damu kwenye miguu na mikono, ili mtu awe tayari kukimbia au kupigana. Basi kijana aliyelala miaka akitega sikio kusikia risasi zinatokea upande gani, mwili wake umefuzu kukimbia, na haujapata nafasi ya kujifunza upya kustarehe.

Na hofu haikuwa mgeni pekee katika vijumba vile. Baba, mama, watoto na pengine mkwe walilala chini ya shitingi moja, jirani akisikia hata kikohozi, na unyumba bila faragha hugeuka kuwa wizi. Aliyekuwa na shamba la maharage kule Rutshuru alikaa akingoja mgao, akaona chungu kinainjikwa kwa alichochuma mkewe. Na mke huyo, ili kuni zipatikane, aliingia msituni ambako wenziwe walikuwa wakibakwa, kiasi kwamba mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kuwa wamewatibu mamia ya waliodhulumiwa hivyo katika kambi za Goma. Mume aliyejua hayo, asiweze kumzuia wala kumlinda, alilala na ghamu yake kitanda kimoja. Nani mwenye insafu atakayemwambia kijana huyo kwamba kosa ni la mwili wake?

Walakini soko halingoji insafu. Uko mzizi ambao Waganda huuita mulondo, watu wa Kinshasa kimbiolongo, na Waluhya wa Kenya mukombero, nao husifiwa kila mahali kuwa hurudisha nguvu za kiume. Viko na vidonge vya sildenafili, dawa iliyotafutwa kwanza kwa maumivu ya kifua, ikaruhusiwa Marekani mwezi Machi 1998 kwa maradhi haya tunayoyanena. Hiyo ni dawa ya kweli mkononi mwa daktari, lakini kidonge kinunuliwacho kwa kificho huenda ni cha bandia, na hata kikiwa halisi, mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akikimeza, shinikizo la damu laweza kumshuka ghafula akafa. Tena kidonge hakimwondolei mtu jinamizi la vita. Kijana ambaye mishipa yake ni mizima, kilichofungwa kikiwa ni moyo, atarudi kununua kingine, na aibu yake itakuwa mtaji wa muuzaji.

Iko dalili ambayo kila mmoja aweza kuiangalia kwa siri. Ambaye nguvu humjia alfajiri akiwa usingizini, lakini humtoka akiwa na mwenzake, huenda shida yake zaidi ni ya fikra. Ambaye hazimjii kabisa, wakati wowote, na apimwe sukari na shinikizo la damu, aulizwe pia habari za tumbaku, pombe na dawa anazotumia, kwa maana mishipa ya sehemu ile ni myembamba kuliko ya moyo, na mara nyingine huonya mapema kwamba moyo nao uko hatarini. Wote wawili wana pa kwenda: hospitali zetu zipo, na kwa majeraha ya nafsi kipo kituo cha Goma kiitwacho Tulizo Letu, cha watawa wa Frères de la Charité, ambacho jina lake lenyewe ni nusu ya tiba.

Katika nchi hii ya Kivu tulijifunza, kwa machozi mengi, kuyataja majeraha ya mama zetu. Hospitali ya Panzi ilianzishwa Bukavu mwaka 1999, na Daktari Denis Mukwege akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, na leo mwanamke asemaye yaliyompata husikilizwa kuliko zamani. Vijana wetu wa kiume bado hawajapata sikio la namna hiyo, na anayekosa sikio aghalabu hutafuta chupa, au humpiga mkewe ili asiulizwe. Enyi mama, msiwacheke waume zenu wala msiipeleke siri yao kisimani. Enyi mapadri, wachungaji na mashehe, litajeni jambo hili mnapowafunda wachumba. Na wewe kijana usomaye, mwambie mkeo leo, kisha kesho mwende pamoja kwa daktari.