Malaika ni wa mwenye jina, kaburi ni la mwenye duka

MFANYABIASHARA wa Kahama, Katoro au Geita mjini anapofika Kariakoo kufungasha mzigo, swali lake la kwanza huwa moja: bidhaa gani inatembea? Swali la pili, ambalo wengi hulisahau mpaka wamerudi nyumbani, ni hili: siku itakapoacha kutembea, nani atabaki nayo?

Somo zuri kuhusu swali hilo la pili halitoki katika pamba wala katika dhahabu. Linatoka katika kichezeo cha watoto kinachoenea kiganjani, kilichotoka Japani, ambacho kiliuza kwanza uhai, kisha kikauza kifo, na mwisho kikauza hata maisha ya baada ya kifo.

Kichezeo hicho ni Tamagotchi. Kampuni ya Bandai ilikiingiza sokoni nchini Japani tarehe 23 Novemba 1996 kwa bei ya yen 1,980. Ni kidude cha plastiki chenye umbo la yai, kioo kidogo, vitufe vitatu na betri ndogo kama za saa. Jina lake limeunganisha neno la Kijapani la yai, yaani tamago, na neno la Kiingereza la saa ya mkononi. Ndani ya kioo huanguliwa kiumbe ambacho mwenye nacho hukilisha, hukichezesha, hukisafishia kinyesi, hukipa dawa kikiugua na kukizimia taa kikitaka kulala. Kikisahauliwa, hufa.

Kwa mfugaji wa Shinyanga habari hiyo ni kichekesho. Mnyama huyo wa betri hana nyama, hana maziwa, hana ngozi wala samadi. Kinachouzwa pale ni kazi ya kuchunga tu, kazi ambayo watoto wa Usukuma huamshwa alfajiri kwenda kuifanya bila kuulizwa kama wanaipenda. Hata hivyo, walaji wa mijini huko Japani, Marekani na Ulaya waliinunua kazi hiyo kwa foleni. Inakadiriwa kwamba katika wimbi lile la kwanza, lililokwisha kabla ya karne mpya kuanza, viliuzwa vichezeo milioni 40 hivi.

Mwaka 1997 wabunifu wake wawili, Aki Maita wa Bandai na Akihiro Yokoi wa kampuni ya WiZ, walipewa tuzo ya dhihaka iitwayo Ig Nobel, upande wa uchumi. Sababu iliyotolewa ni kwamba walikuwa wamehamisha mamilioni ya saa za kazi za binadamu na kuzipeleka katika ufugaji wa wanyama wasiokuwepo. Waliotoa tuzo walikuwa wanatania, lakini hesabu yenyewe haikuwa ya utani.

Kifo chenye soko

Jambo la kuangaliwa na mtu wa biashara ni jinsi kampuni ilivyokishughulikia kifo. Katika toleo la Kijapani kiumbe kilipokufa, kioo kilionyesha mzimu na kaburi. Lilipoandaliwa toleo la Kiingereza kwa soko la Marekani, ambako mauzo yalianza Mei 1997, kaburi liliondolewa na mahali pake akawekwa malaika, pamoja na maelezo kwamba kiumbe kimerudi kwenye sayari yake. Kifo kilikuwa kilekile. Kilichobadilishwa ni maelezo yake, ili yalingane na hisia za mnunuzi.

Bandai haikuishia hapo. Mwaka huohuo wa 1997 ilitoa kichezeo kingine kilichoitwa Tenshitchi, ambacho nje ya Japani kilijulikana kama Tamagotchi Angel. Hiki kilianzia pale kile cha kwanza kilipoishia. Kiumbe kimekwisha kufa, sasa ni malaika, na kazi ya mwenye nacho ni kumlea malaika huyo ili adumu katika kutenda mema. Mteja aliyelia kwa sababu mnyama wake amekufa alikuwa amepata bidhaa ya pili.

Wengine nao waliiona nafasi hiyo. Januari 1998 shirika la habari la CNN liliripoti kwamba katika eneo la Cornwall, Uingereza, mwenye makaburi ya mbwa na paka alikuwa ametenga sehemu ya kuzikia vichezeo hivyo. Yaani plastiki na betri vilichimbiwa shimo, vikafukiwa na kuwekewa alama.

Walimu katika nchi kadhaa walipiga marufuku vichezeo hivyo shuleni, kwa kuwa matoleo ya kwanza yangeweza kufa katika muda wa nusu siku tu mtoto akiwa darasani. Wako waliosema ni ukatili kuuza huzuni kwa watoto. Wako waliojibu kwamba mtoto hujifunza kuwajibika, na kwamba afadhali afiwe na kifaranga cha kwenye kioo kabla hajafiwa na cha kweli. Kila upande una hoja yake. Lakini kwa mtu anayeweka mtaji wake rehani, hoja nzito zaidi ilikuwa bado ghalani.

Ghala halina malaika

Mwaka 1997 Tamagotchi zilikuwa adimu. Duka lililohitaji katoni 10 lilijua litapewa chache, kwa hiyo liliagiza nyingi zaidi ili angalau lipate inazohitaji. Mteja aliyekosa duka moja alikwenda kuandikisha jina katika maduka mengine matatu. Juu ya hayo, vichezeo vya kuigiza viliingia sokoni kwa bei ya chini. Kiwandani maagizo yote hayo yalisomeka kama walaji wa kweli, na uzalishaji ukaongezwa. Mzigo ulipofika kwa wingi, mteja mmoja aliyeandikisha majina manne alinunua kimoja, na wengine walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye mchezo mwingine.

Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Machi 1999, Bandai ilitangaza hasara, na mabaki ya Tamagotchi yaliyolala ghalani yalikuwa moja ya sababu zake. Kampuni iliyokuwa imemtengenezea malaika kila kifaranga haikuwa na malaika kwa ajili ya mzigo wake yenyewe.

Hata hivyo, habari haikuishia hapo, na hapa ndipo penye somo. Mwaka 2004 Bandai iliirudisha Tamagotchi sokoni ikiwa na uwezo wa kuwasiliana na nyingine. Mwaka 2023 ilitoka aina iitwayo Tamagotchi Uni, inayounganishwa na intaneti. Watoto wa mwaka 1997 wamekuwa wazazi na wanawanunulia watoto wao. Kichezeo kilichokufa kimefufuka kweli.

Lakini kilifufuka kwa nani? Kwa Bandai, kwa sababu jina ni lake. Kampuni hiyo ilikuwa na bidhaa nyingine za kuilisha wakati ikisubiri miaka mitano au sita. Mwenye duka aliyebaki na katoni za mwaka 1997 hakufufuka nazo. Betri zilikwisha nguvu, mtindo ukapita, na mkopo wake haukungoja mwaka 2004. Kwa maneno mengine, malaika ni wa mwenye jina. Kaburi ni la mwenye duka.

Rashi na marudio

Mkanda wa dhahabu unaoanzia Kahama hadi Geita unaifahamu hali hii vizuri, ingawa hauna yai la plastiki. Taarifa ikienea kwamba mawe yenye dhahabu yameonekana mahali, rashi huanza. Wachimbaji huja na sururu, na nyuma yao huja wafanyabiashara na unga, tochi, viatu vya mpira, vocha na vinywaji. Kila mmoja anahesabu vichwa vya watu anaowaona, bila kuhesabu wafanyabiashara wenzake walio njiani wenye mzigo uleule. Mwamba ukipotea, vichwa huhama kwa usiku mmoja, na turubai la duka hubaki likipigwa na upepo.

Mwenye leseni ya eneo hafi hivyo. Bei ya dhahabu ikipanda, au mitambo bora ikipatikana, shimo lililoachwa linaweza kuchimbwa tena. Ufufuo huo ni wake.

Hali ni hiyohiyo katika mawe yenyewe. Mchimbaji mdogo hupeleka viroba vyake kwenye karasha, yakasagwa na kuoshwa mwaloni, na zebaki ikakamata sehemu tu ya dhahabu iliyomo. Nyingine, ile laini, hubaki katika mchanga. Mchanga huo huitwa marudio, na hakuna jina la biashara lililo wazi kuliko hilo: ni mawe yaliyokwisha kufa mara moja na yatakayoishi tena. Marudio hupelekwa kwenye mitambo ya kuchenjua kwa sianidi, na dhahabu iliyokwepa zebaki hupatikana. Katika sehemu nyingi desturi ni kwamba marudio hubaki kwa mwenye karasha au mwenye mwalo. Mchimbaji aliyeshuka duarani huondoka na maisha ya kwanza ya jiwe lake, na maisha ya pili humwachia mwenye mtambo.

Mwenye karasha ana utetezi wake. Yeye ndiye aliyenunua mashine, analipa dizeli na maji, na mara nyingi humsagia mtu ambaye hana hata senti mkononi. Utetezi huo ni wa haki. Kisichokuwa cha haki ni marudio kuhesabika kama takataka wakati wa kusaga, kisha yakawa mali siku ya kuuza. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019 ili dhahabu ipimwe na kuuzwa kwa bei inayojulikana. Marudio nayo yanastahili kutajiwa bei mapema, jiwe likiwa bado ndani ya kiroba, hata kama bei hiyo ni kukatwa katika gharama ya kusaga.

Zizi linajua

Jambo la kushangaza ni kwamba elimu hii si ngeni Usukumani. Mfugaji huijua kwa vitendo. Ng'ombe wake akifa, ngozi ni yake, na ndama waliokwisha kuzaliwa ni wake. Katika kaya zinazoshika mila, yupo hata mnyama aliyetengwa kwa jina la masamva, yaani wazee waliotangulia. Kwa jina mnyama huyo ni wa marehemu, lakini hukaa katika zizi la walio hai, hula majani yao na huchungwa na watoto wao. Malaika wa Bandai alilelewa kwa betri ya kununua. Mnyama wa masamva hulelewa kwa nyasi za nyumbani, na thamani yake haitoki nje ya kaya.

Aidha, wafugaji hawa wana ngitili. Kipande cha malisho hufungwa wakati wa mvua, majani yakiwa mengi, ili kifunguliwe wakati wa kiangazi. Mwenye ngitili haulizi leo kuna majani kiasi gani. Anauliza Septemba kutakuwa na nini.

Mfanyabiashara wa bidhaa za mtindo, ziwe vichezeo vya betri, viatu au jezi za msimu, anaweza kuazima hekima hiyo bila gharama. Kwanza, anunue kidogo na kurudia, hata kama nauli itaongezeka, kwa sababu nauli ni ndogo kuliko mzigo uliokufa. Pili, anapochukua mali kauli akubaliane mapema, mbele ya shahidi, kwamba kisichouzwa kinarudi kwa aliyekitoa. Hapo kaburi linagawanywa kwa wawili. Tatu, auze pia kile kinachohitajika baada ya bidhaa kununuliwa. Duka lenye betri, chaja na fundi wa kutengeneza lina maisha ya pili yaliyo mali yake, hata jina la kichezeo likiwa la Bandai. Nne, sehemu ya faida ya siku za rashi ifungwe kama ngitili, isirudishwe yote katika mzigo uleule.

Kuna watakaosema kwamba biashara ni ujasiri, na kwamba anayefikiria mwisho wa kila kitu hatafungua duka. Bandai haikukosa ujasiri, na haikukosa hata ubunifu wa kuuza mbingu kwa wafiwa. Ilichokosa mwaka 1997 ni kuhesabu wateja wa kweli kati ya majina yaliyoandikishwa mara nne. Yenyewe ilipona kwa sababu ilikuwa na jina na subira ya kampuni kubwa. Duka la Katoro lenye mkopo wa kikundi halina subira hiyo.

Fedha za pamba zinapoanza kuingia vijijini, na magari kurudi kutoka Dar es Salaam yakiwa yamejaa, wengi watauliza kinachotembea. Ni vema waulize pia kitakapokwisha kutembea kitakuwa cha nani. Jibu likiwa ni la mwenye duka peke yake, basi bei ya kununulia bado iko juu, hata kama muuzaji anaapa kwamba ameishusha.