Mikoko Yatuhusu Nini?

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja aliuliza: "Bwana Katibu, sisi ni wakulima wa karafuu, na mikarafuu yetu iko vilimani. Mikoko ya pwani yatuhusu nini, hata Chama kimpe mwanafunzi chumba na nauli ya mashua?" Watu wakacheka, na shauri likaahirishwa. Siku ile sikujibu vizuri, leo najibu.

Kabla ya mkutano huo nilikwenda Masasi na Newala kuwatazama wenzetu wa korosho. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Ukisimama ukingoni waliona bonde la Ruvuma chini yako, na ng'ambo ni Msumbiji. Mchanga wa huko hunywa mvua yote, na akina mama wazee husimulia walivyokuwa wakishuka alfajiri kufuata maji bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Hapo ndipo nilipokutana na binti wa chuo kikuu, mzaliwa wa papo hapo, anayejifunza kwa vitendo hesabu za mawimbi na mikoko. Nikamtania: "Binti, bahari hapa iko wapi?" Akasema: "Kaka, udongo unaomomonyoka huku huteremka Ruvuma, na Ruvuma humwaga baharini penye mikoko. Mlima na pwani ni nyumba moja."

Kazi yake ni hii. Hupima kina cha maji, kimo cha wimbi, upana wa mikoko na wingi wa mizizi yake, kisha huvitia vipimo hivyo katika kompyuta na kuiuliza: wimbi hili likipita humo, litafika nchi kavu na nguvu gani? Na mikoko ikikatwa nusu, je? Mwaka 2012 wataalamu walikusanya vipimo vya nchi mbalimbali, wakakuta kwamba mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha mawimbi kwa sehemu 13 hadi 66 katika mia. Baina ya 13 na 66 pana tofauti kubwa! Ndiyo maana haifai kuazima hesabu ya watu. Lazima tupimiwe pwani yetu wenyewe.

Wazee wanakumbushana kimbunga cha mwaka 1872, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuinusuru kwa sehemu kubwa ya Pemba. Mikoko haizuii upepo wa namna hiyo, na sitamdanganya mtu. Lakini mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Msumbiji, kusini ya Ruvuma, na mwaka 2024 Hidaya ikafika Mafia. Bahari ya dunia nayo ilipanda kiasi cha sentimita 20 baina ya 1901 na 2018. Karafuu haipikwi wali, waungwana. Mpunga tunaokula watoka mabondeni, na maji ya chumvi yamekwisha kuingia katika baadhi ya mabonde ya Pemba. Na nani aliyekata? Nyumba niliyozaliwa mimi ina boriti za mikoko.

Wengine wanasema tupande tu, hesabu ya nini? Kila mti una pahala pake: mlilana huelekea bahari, mchu na mkandaa hukaa kwengine. Ukipanda ovyo, msimu ukigeuka utakuta vijiti vikavu.

Hata hivyo wanaonung'unika wana haki yao. Miaka michache nyuma alikuja mwanafunzi, tukamwonyesha vijia vyote, na hatujaona hata karatasi moja. Kwa hiyo naleta shauri la kumpokea binti huyu kwa masharti matatu. Kwanza, apime bamvua na maji mafu, si siku mbili akaondoka. Pili, afuatane na mvuvi mwenyeji na kijana mmoja wa mwanachama, ili elimu ibaki. Tatu, kabla hajapanda chombo kurudi, atusomee matokeo kwa Kiswahili mkutanoni, hata kama yatatwambia kwamba shoka ni letu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa saruji wa kuzuia bahari Chama chetu hakina fedha zake. Chumba kimoja na nauli ya mashua tunaweza. Tafadhalini njooni mkutanoni mpige kura.

Wenu,
Katibu