Kalkulasi Haikuzaliwa na Watu Wawili

Muulize mwanafunzi yeyote wa hisabati ni nani aliyegundua kalkulasi, atakujibu: Newton. Aliyesoma zaidi ataongeza Leibniz, kisha atakusimulia jinsi walivyotuhumiana wizi. Jibu hilo limekaririwa mno hata hakuna anayelihoji. Si la kweli, na ni wakati likome kufundishwa.

Tuitazame hukumu ya ugomvi huo. Mwaka 1712 Royal Society ya London iliunda kamati ichunguze nani alitangulia. Rais wa chama hicho tangu 1703 alikuwa Newton. Ripoti ya kamati aliiandaa yeye, Leibniz hakuitwa kujitetea, na mwaka 1715 Newton huyo huyo akachapisha uhakiki wa kuitetea ripoti, bila kutia jina lake. Kesi ya ngedere hakimu nyani! Leibniz alikufa 1716 kabla doa hilo la wizi halijafutwa. Leo maandishi ya wote wawili yamesomwa, na yanaonyesha kila mmoja alifika kwa njia yake: Newton kuanzia 1665, tauni ilipomrudisha kwao Woolsthorpe, Leibniz akiwa Paris mwaka 1675. Leibniz alichapisha 1684. Newton hakutoa risala yake juu ya somo hilo hadi 1704.

Lakini kumsafisha Leibniz hakutoshi, kwa sababu ugomvi wao umewafunika waliowatangulia. Archimedes alipima eneo la parabola kabla ya Kristo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, alijumlisha vipeo vya nne ili apate ujazo wa umbo linalozungushwa. Na kule Kerala, kusini mwa India, Madhava alipata mfululizo usio na mwisho wa kukokotoa pai: moja, toa theluthi, jumlisha moja ya tano, toa moja ya saba, na kuendelea, jumla yake ikiwa robo ya pai. Alifariki zaidi ya miaka 200 kabla Leibniz hajazaliwa. Uthibitisho wake umo katika Yuktibhasa, kitabu cha Jyesthadeva cha karne ya 16, kilichoandikwa kwa Kimalayalam. Makala ya Mwingereza Charles Whish yenye habari hizo ilichapishwa mwaka 1834. Hata hivyo vitabu vingi bado vinauita mfululizo wa Leibniz.

Wapo watakaosema hao walikuwa na vipande tu, ilhali Newton na Leibniz walionyesha kwamba kutafuta mteremko na kutafuta eneo ni kazi mbili zinazotenguana, wakaweka kanuni zinazofaa kila mahali. Ni kweli, na sifa hiyo ni yao. Lakini nao hawakumaliza: msingi imara wa dhana ya kikomo ulisubiri Cauchy mwaka 1821, na Weierstrass baada yake. Kama mgunduzi ni aliyeanza, si wao. Kama ni aliyekamilisha, si wao pia.

Walimu, mtakapouandika mfululizo huo ubaoni, andikeni jina la Madhava kando yake.